Nyuzi 14 Tanga? Hiyo namba usiiamini

Juzi kijana mmoja wa Tanga kaniandikia: "Shikamoo fundi. Prosesa yangu, AMD FX-8350, mashine ikitulia bila kazi inasoma nyuzi 14. Feni niliyofunga ni kiboko, au siyo?" Nikamuuliza chumba kina joto gani. Thelathini na moja.

Mdogo wangu, feni inapuliza hewa ya chumba hichohicho. Haiwezi kuifanya prosesa iwe baridi kuliko hewa yenyewe. Kwenye FX na Phenom za AMD, namba inayotoka ndani ya chipu ni kipimo cha kuongozea feni, si joto halisi. Mashine ikitulia, namba hiyo haina maana. Ikikaribia ukomo, yaani joto la juu kabisa ambalo prosesa inaruhusiwa kufika, ndipo inapoanza kuaminika.

Jambo hili linanigusa. Niliwahi kumfungia mteja mashine ya kuhariri video za harusi, yenye prosesa ya AMD, Ryzen 7 1700X. Akapakua programu ya kupima joto, akaona nyuzi 60 na mashine haifanyi kazi yoyote. Badala ya kunipigia, akaenda kwa fundi mwingine, wakakubaliana kwamba pesti (ile ya kupitisha joto, inayopakwa juu ya prosesa) nimepaka vibaya na hitisinki, yaani chuma cha kupoozea prosesa, ni feki. Habari ikazunguka grupu zima la WhatsApp la wapiga picha, watu ambao nusu yao ni wateja wangu.

Kumbe AMD wenyewe walishaeleza tangu 2017: 1700X na 1800X huripoti nyuzi 20 zaidi ya joto halisi, kwa makusudi, ili mwendo wa feni ulingane kwa prosesa zote za familia ile. 1700 isiyo na X haina nyongeza hiyo. Toa 20 kwenye 60 unabaki na 40, na kwa joto letu hiyo ni kazi safi kabisa. Nilimtumia maelezo. Tiki mbili za bluu, kimya. Hela alilipa yote, sikatai, ila radhi sijaombwa hadi leo.

Sasa, kupima. Zima mashine usiku kucha. Asubuhi soma joto la chumba kwa kipimajoto cha kawaida, washa, uangalie namba mara moja: inatakiwa iwe juu ya chumba kidogo. Ikiwa chini, unadanganywa. Ikiwa juu mno papo hapo, tafuta kwanza kama prosesa yako ina nyongeza kabla hujafungua hitisinki.

Kwenye Intel, sensa huhesabu nyuzi zilizobaki kufika ukomo. Programu za kupima joto kama Core Temp huchukua ukomo huo, ambao mara nyingi ni 100, na kutoa nyuzi hizo ili kupata joto. Ukomo ukiwekwa vibaya, kila namba inapotoka. Kwa hiyo tazama zilizobaki, maana prosesa yenyewe hutumia hizo kuamua ipunguze kasi lini. BIOS (ile skrini ya mipangilio kabla Windows haijawaka) ikionyesha joto zaidi kuliko Windows, usishtuke: huko prosesa haipumziki. Na wanaoelekeza kipimajoto cha miale kwenye hitisinki inayong'aa, alumini hiyo inawadanganya.

Vijana, pimeni kabla ya kuchafua jina la mtu. Fundi anajengwa na jina lake, na jina likishapakwa matope hakuna pesti ya kulisafisha.

Wewe wa Tanga, weka AMD OverDrive, programu ya AMD inayoonyesha nyuzi zilizobaki kufika ukomo, ipe mashine kazi nzito ya nusu saa, kisha nitumie nyuzi zilizobaki na kasi ya prosesa kwa wakati huo. Hiyo 14 usinitumie tena.