Kigali au stoo: jibu langu kwako

Babangu,

Waalaikum salaam. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza jikoni, nikaurudia usiku baada ya dada zako kulala. Nikikufupisha, unasema hivi: umetimiza miaka 30, goti la kushoto linavimba kila ukitoka kwenye mechi, klabu moja ya Kigali inakutaka kwa msimu mmoja kwa pesa zinazopita mshahara wako, na shirika unalochezea hapo Mombasa limekwambia kuna nafasi ya karani wa stoo, ajira ya kudumu, ukiitaka. Ukamalizia kwamba hukuhangaika na mpira wa kikapu miaka yote hii ili uje kuhesabu maboksi, wewe unataka njia ya Mutombo na Luol Deng, waliovuma NBA, ile ligi ya kikapu ya Marekani. Mama anasemaje?

Mama anasema chukua stoo.

Sasa usinune kabla sijamaliza. Mutombo nampenda kama unavyompenda. Alitoka Kinshasa kwenda kusoma Georgetown akiwa na nia ya kuwa daktari, akaishia kucheza NBA misimu 18, na mwaka 2007 ikafunguliwa kwao ile hospitali yenye jina la mamake. Hapo alikuwa ameshatia mamilioni ya dola zake mwenyewe. Deng naye alivuna kwanza Chicago na kwingineko, ndipo akashika shirikisho la mpira wa kikapu la Sudan Kusini, hata timu yao ikafika Olimpiki ya Paris 2024. Mungu awalipe. Lakini hao walianza na pesa, kazi ya pili ikaja nyuma yake. Wewe kodi ya nyumba ya Mombasa ikifika tarehe tano unanipigia.

Wa kuwatazama ni wengine, ambao wala hukuwataja. Dave Bing alikuwa nyota wa Detroit Pistons, na ligi ikifungwa alikuwa anakwenda kufanya kazi benki, nyuma ya kaunta, anahesabia watu pesa zao. Enzi zile mishahara ya wachezaji haikuwa hii ya leo. Alipoacha mpira akajifunza biashara ya chuma, mwaka 1980 akafungua kampuni yake, Bing Steel, na mwaka 2009 watu wa Detroit wakamchagua awe meya wao. Yuko pia Junior Bridgeman wa Milwaukee Bucks. Alicheza misimu 12, mara nyingi akitokea benchi. Huyo biashara ya migahawa ya Wendy's aliijifunza kuanzia jikoni, mwisho akamiliki zaidi ya 100. Mtu wa benchi! Na Antoine Walker, aliyelipwa zaidi ya dola milioni 100 kwa kucheza, mwaka 2010 alikuwa mbele ya mahakama akiomba atangazwe mufilisi.

Hasheem Thabeet ulikuwa hutaki kuambiwa lolote juu yake, kijana wa Dar, Mswahili mwenzetu, na ulikuwa na haki ya kujivunia. Mwaka 2009, timu za NBA zilipochagua wachezaji wapya, Memphis ilimchukua nafasi ya pili, mbele ya James Harden, mbele ya Stephen Curry, waliokuja kuwa nyota wakubwa. Msimu wake wa mwisho NBA ulikuwa wa 2013–14, naye hajafika miaka 28. Simcheki, alipofika hapafikiki na wengi. Nakukumbusha tu umri.

Halafu kuna jambo ambalo mimi nalijua kuliko makocha wako wote, nalo ni kazi ya msimu. Nimeifanya hapa Malindi tangu hujazaliwa. Unakumbuka nyumba ilivyokuwa Pasaka ikipita: Wataliano wanarudi kwao, mvua za masika zinaingia, hoteli inafunga, na sisi tunaambiwa tungoje Julai. Walioachishwa hawakuwa wavivu. Walikuwamo wahudumu hodari kunishinda, wanaozungumza Kiitaliano kama wamelelewa Milano, na bado walikaa nyumbani wakingoja simu. Hawa watu wa stoo, fundi wa umeme na walinzi ndio waliobaki, kwa kuwa kazi zao zahitajika hata vyumba vikiwa vitupu. Nilipoliona hilo nikamwomba mzee wa stoo anifundishe, nikiwa bado mtu wa dobi. Kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, nani ametia sahihi. Karo yenu ilitoka kwenye zile kadi za stoo.

Kwa hiyo ukisema kuhesabu maboksi, unanisema mimi pia, lakini hilo tuliache. Mombasa ni mji wa bandari. Karani anayejua mzigo uko wapi, hati ipi inakosekana na nani amechelewa kuidhinisha, hakosi wa kumwita. Anza hapo, jioni usomee ununuzi na ugavi, na Jumamosi uendelee kuvaa jezi kadiri goti litakavyoruhusu. Shirika linakupa nafasi hii sasa kwa sababu meneja anakuona uwanjani. Ukirudi kutoka Kigali ukichechemea, huenda pale ofisini pana meneja mwingine, asiyejua hata ulikuwa unavaa namba gani.

Kigali yenyewe sina ugomvi nayo. BAL, ligi ya kikapu ya klabu za Afrika, ilianzia huko mwaka 2021, na Nairobi City Thunder, timu ya kwanza ya Kenya kuingia humo, mechi zake za 2025 ilichezea huko huko. Kelele ulizopiga siku zile nazikumbuka. Shirika likikubali kukupa likizo bila malipo kwa maandishi na kukuwekea ile nafasi, basi nenda na dua zangu. Ila mkataba useme nani anatibu goti, na kama mshahara unaendelea ukiumia. Useme pia mgogoro ukitokea utaamuliwa na baraza la usuluhishi la FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, lile baraza la Geneva. Kifungu hicho kisipokuwemo, hawana mamlaka ya kukusikiliza, na utabaki unamfukuzia wakala kwenye simu. Kwa maneno matupu, hapana, hata wakiongeza pesa.

Goti lipigwe picha wiki hii, kabla hujamjibu yeyote. Mkataba nitumie wenyewe, kurasa zote, nimpelekee mjomba wako ausome. Sauti za wakala sizitaki. Na huyo meneja wa shirika usimjibu kwa WhatsApp. Nenda ofisini asubuhi, umechomekea shati, na uulize mshahara wa karani ni kiasi gani, maana katika maneno yako yote hayo hilo hukulitaja.

Mamako