Friza yazima usiku, samaki waharibika

SWALI: Asalaam aleikum. Mie nauza samaki hapa Shela, Lamu, nna sola na betri ya asidi ya volti 12, ampea-saa 100, mchana friza yaenda vizuri lakini saa nane usiku kimya, asubuhi samaki wangu wa changu wamelegea. Niongeze paneli?

JIBU: Waaleikum salaam dada yangu. Usikimbilie paneli, shida yako ni akiba ya stima. Betri hiyo ikijaa ina kama wati-saa 1,200 za stima, yaani volti 12 mara ampea-saa 100, na ya asidi haifai kushushwa chini ya nusu la sivyo yafa mapema, kwa hivyo wabaki na 600, friza ikila wati 60 kwa wastani ni masaa 10, yako naona ishachoka hata hayo haifiki. Ya lithiamu ya ukubwa huohuo waweza tumia asilimia 80 na hudumu miaka mingi zaidi, bei ndo chungu, lakini hesabu samaki unaotupa. Ila hakikisha chaja yako inakubali lithiamu. Halafu angalia vichwa vya betri, ukiona unga wa kijani ni kutu, na hewa yetu ya chumvi yaizidisha, zima kila kitu, safisha, kaza, paka vaselini. Na mchana jua likiwaka gandisha chupa za maji uzipange baina ya samaki, usiku friza haitahangaika sana.