Ijumaa moja Guangzhou na mama mtu mzima: swala, chakula halali na matembezi

Ndugu yangu, umesema mnakwenda Guangzhou kufuata mzigo, umeongozana na mke na mama, Ijumaa mko huru kutwa, na wakala amekuletea ratiba ya vituo tisa yenye "chakula cha mchana cha Kikantoni", yaani cha wenyeji wa Guangzhou. Swali lako ni kama mtaweza kuswali na kula halali. Mtaweza, tena kwa raha, ila si kwa ratiba hiyo. Guangzhou ni jiji pana na foleni zake ni nzito. Ukipanga vivutio kwanza halafu uanze kutafuta pa kuswali, Alasiri itakupata ndani ya teksi. Anza na misikiti miwili na mlo wa mchana, halafu jaza nafasi kwa vilivyo jirani.

Saa kwanza. China nzima inatumia saa moja, ya Beijing, na Guangzhou iko magharibi ya mstari wa longitudo unaopangia saa hiyo, hivyo Adhuhuri huingia kati ya saa 6:10 na 6:41 mchana kutegemea msimu. Magharibi ni kama saa 11:40 jioni mwezi Desemba na saa 1:15 usiku mwezi Juni. Wengi wetu wa pwani wanachanganyikiwa na Alasiri. Misikiti ya Wachina inafuata madhehebu ya Hanafi, na Alasiri yao huchelewa kuliko ya Shafii kwa kama dakika 45 wakati wa baridi na saa moja na dakika 20 wakati wa joto. Ukifika msikitini kwa saa za Shafii utakuta hakuna swala ya jamaa, na hiyo si kwamba msikiti umefungwa. Swali peke yako au subiri. Kibla nacho si kaskazini kama mlivyozoea Dar, ni magharibi ikielekea kidogo kaskazini, karibu nyuzi 285 kwenye dira. Pakua programu ya saa za swala inayofanya kazi bila intaneti kabla ya kuondoka nyumbani.

Kuhusu mwongozaji, mwandikie masharti kabla hujalipa hata shilingi. Yawe haya: awe na kitambulisho rasmi cha uongozaji, kusiwe na kituo cha duka la chai, jade (jiwe la thamani la kijani), hariri wala dawa, Ijumaa mfike msikitini kabla ya saa 6 mchana, chakula kiwe kwenye mgahawa wa halali mliokubaliana, si "mgahawa wa kawaida wenye samaki". Bei ikiwa ndogo ajabu, jua kuna duka njiani linalomlipa kamisheni. Sheria ya utalii ya China ya mwaka 2013 inakataza safari za bei ya chini ya gharama zinazofidiwa kwa kuwapeleka wateja madukani, kwa hiyo una haki ya kukataa kushuka kwenye gari. Na muulize swali moja: "Chakula cha qingzhen ni kipi?" Hilo ndilo neno la Kichina la halali. Akijibu "kisicho na nguruwe" tu, tafuta mwingine, maana hajui habari ya uchinjaji wala ya pombe ya kupikia.

Sasa siku yenyewe.

Saa 3 asubuhi anzeni makumbusho ya Mfalme wa Nanyue, barabara ya Jiefang Bei, kituo cha metro cha Yuexiu Gongyuan, laini ya 2. Ratiba nyingi zinapeleka watu ng'ambo ya barabara, bustani ya Yuexiu, kupanda ngazi hadi sanamu ya mbuzi watano. Kwa mama mwenye magoti mabovu mimi ningeiacha. Makumbusho yapo penye kaburi lililogunduliwa mwaka 1983, la mtawala wa Nanyue, ufalme wa kale wa huko, aliyefariki karne ya 2 kabla ya Kristo, na vazi lake la vipande vya jade vilivyoshonwa kwa uzi wa hariri bado lipo. Mwambie mwongozaji asikimbie, akuonyesheni ubani na meno ya tembo. Wataalamu wameyatambua meno hayo kuwa ya tembo wa Afrika. Watu wa mwambao wetu wakisimama mbele ya kabati hilo wanaelewa bila kuelezwa kwamba biashara ya bahari hii ni ya kale sana. Tiketi ikatwe mapema kwa namba ya pasipoti, na msihamishie ziara hii Jumatatu, siku ambayo makumbusho mengi ya China hufungwa.

Saa 5:15 tokeni, mfuate barabara hiyohiyo kuelekea kaskazini kama kilomita moja hadi msikiti wa Xianxian. Mama apande teksi na umwonyeshe dereva maandishi haya: 先贤清真寺. Hapa ndipo wageni wengi wa jiji wanaposwali Ijumaa, Waarabu, Waafrika, Wapakistani, pamoja na Wahui, Waislamu wa Kichina wenyewe. Ndani ya uwanja kuna kaburi lenye kuba ambalo kwa mapokeo ya Waislamu wa China ni la Saad bin Abi Waqqas, swahaba wa Mtume. Wanahistoria wa Kiislamu wanasema alifariki karibu na Madina na akazikwa huko, na hilo mlijue ili msibishane na mtu mahali pa ibada. Wenyeji wanaliita kaburi la mwangwi kwa jinsi sauti inavyorudi chini ya kuba. Ingia kwa heshima, mtolee salamu aliyelala pale.

Njooni mapema kwa sababu mbili: sehemu ya kutawadhia hujaa, na mlangoni mnaweza kuulizwa pasipoti. Wanawake wana sehemu yao. Mke wako amshike mama mkono tangu getini na mkubaliane pa kukutania baada ya swala, maana umati ukitoka pamoja simu hazisaidii sana. Kwa kawaida kuna mawaidha ya Kichina kwanza, kisha hutuba fupi ya Kiarabu. Walio safarini na wanaotaka kukusanya Alasiri na Adhuhuri, jueni Mahanafi hawakusanyi, hivyo msitarajie imamu afanye hivyo. Wasafiri wakiswali nyuma ya imamu mkaazi wanatimiza rakaa zote. Hukumu ya idadi ya siku za safari muulize sheikh wako kabla ya kupanda ndege.

Nje ya msikiti na hoteli msitandike mswala bustanini au kituoni, na msigawe vitabu vya dini. Sheria za huko zinaweka ibada ya pamoja kwenye sehemu zilizosajiliwa, na mgeni akienda kinyume anamtia matatani hata mwenyeji aliyemkaribisha.

Chakula cha mchana chukueni teksi fupi hadi Xiaobei, mtaa wa wafanyabiashara wa Kiafrika na Kiarabu, penye migahawa ya Kituruki, ya Kiarabu na ya Wahui. Tembeeni na pasipoti halisi, si nakala. Sheria inamtaka kila mgeni wa miaka 16 na zaidi awe nayo, na polisi hukagua sana mtaa huu. Wabadilisha fedha wa kando ya njia waacheni kabisa. Ni kinyume cha sheria, na noti bandia zinapitia humo humo.

Kama mama hataki viungo vikali, nendeni kwenye tambi za Lanzhou. Tafuteni kibao cha kijani chenye 清真, ndiyo qingzhen, pengine na neno "halali" kwa Kiarabu, na wapishi waliovaa kofia nyeupe. Mpishi anavuta donge la unga mbele yako, analikunja na kulivuta tena hadi tambi zitoke nyembamba, na bakuli liko mezani baada ya dakika chache: supu safi ya ng'ombe, vipande vya figili nyeupe, giligilani, mafuta mekundu ya pilipili. Useme unene unaotaka kabla hajaanza kuvuta: "xi" ni nyembamba, "kuan" ni pana. Kwa mama sema "bu yao la", yaani bila pilipili, kwani mafuta yale yakishamwagwa hayatoki. Angalieni pia friji: baadhi ya migahawa yenye kibao cha 清真 huuza bia, na hapo uamuzi ni wenu.

Kwa nini chakula cha Kikantoni hakifai hata ukiagiza kamba tu? Kwa sababu ganda la unga la vitumbua vya kamba vya mvuke mara nyingi hukandwa kwa mafuta ya nguruwe, vivyo hivyo ganda la keki za mayai, na samaki hunyunyiziwa pombe ya kupikia ili kuondoa shombo. Neno "rou" peke yake, nyama, kwa Mchina ni nguruwe. Ng'ombe ni "niurou", kondoo ni "yangrou". Hifadhi kwenye simu sentensi hii umwonyeshe mhudumu: 我是穆斯林，不吃猪肉和猪油，菜里不要放料酒. Inamweleza kwamba wewe ni Muislamu, huli nguruwe wala mafuta yake, na chakula kisitiwe pombe. Sentensi hiyo ni ya dharura, haigeuzi jiko la kawaida kuwa la halali.

Saa 9 alasiri nendeni Chenjiaci, jumba la ukoo wa Chen lililojengwa kati ya 1888 na 1894, laini ya 1 ya metro. Inueni macho: matuta ya paa yamejaa sanamu ndogo za udongo wa kuchomwa, majumba, samaki, watu wa michezo ya kuigiza, safu nzima kwa rangi. Saa moja inatosha, na ni tambarare.

Kutoka hapo ni kituo kimoja cha metro hadi Ximenkou, kisha mwendo mfupi kwa miguu hadi msikiti wa Huaisheng (怀圣寺), mmojawapo wa misikiti ya kale kabisa China. Mapokeo yanasema ulijengwa zama za Mtume. Jengo la leo limejengwa upya zaidi ya mara moja baada ya moto, ikiwemo mwaka 1350. Mnara wake mweupe, wa mviringo na laini, una urefu wa kama mita 36, na taa yake iliongoza majahazi enzi ambazo mto ulikuwa karibu zaidi. Mwongozaji asiye Muislamu huenda akazuiwa mlangoni, basi akueleze historia mkiwa nje. Swalini Alasiri hapa na mama apumzike uani. Wakati wa baridi Magharibi haiko mbali, subirini. Wakati wa joto nendeni hoteli mkaoge kwanza.

Usiku, boti ya mto Zhujiang kutoka gati la Tianzi inachukua kama saa moja na inapita mnara wa Canton (jina la zamani la Guangzhou) wenye mita 600. Nunueni tiketi isiyo na chakula. Kuupanda mnara wenyewe mimi ningeacha siku ya mawingu, na mawingu huko ni mengi.

Vitu vidogo vinavyokwamisha watu: Google na WhatsApp hazifunguki kwa intaneti ya hoteli, lakini laini ya nyumbani yenye huduma ya nje kwa kawaida inazifungua. Unganisha kadi ya Visa au Mastercard kwenye Alipay, programu ya simu ya kulipia, ukiwa bado nyumbani. Malipo yanayozidi yuan 200 yana makato ya asilimia 3. Bebeni tishu na chupa tupu ya maji, kwani vyoo vingi vya umma ni vya kuchuchumaa na havina maji ya kujisafishia. Kama safari inaangukia maonyesho ya biashara ya Canton, Aprili hadi mwanzo wa Mei au Oktoba hadi mwanzo wa Novemba, hoteli zinapanda bei na teksi zinaadimika, hivyo mlipe mwongozaji mwenye gari. Mkubaliane naye pia saa yake ya mwisho, maana boti ikichelewa atadai nyongeza.