Mkunga anajibu: kilo zako na mimba unayoitaka

Shikamoo bibi. Nina kilo 86, urefu mita 1.56, na tunatafuta mtoto. Wifi yangu kanigaia FEFO, vile vidonge vya kuongeza damu, alizobakisha kliniki. Zitanitosha? (Wete)

Marahaba mwanangu. Gawa kilo zako kwa urefu, kisha gawa tena kwa urefu: unapata 35. Kuanzia 30, hatari ya mtoto kuzaliwa na mgongo wazi huongezeka. Ndiyo maana mwanamke wa uzito huo hushauriwa asidi ya foliki (vitamini ya kundi B) miligramu 5 kila siku, si mikrogramu 400 za wengine. Huanza angalau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba, akaendelea mpaka wiki ya 12. Kidonge cha FEFO hakifikishi hata nusu miligramu ya foliki. Kilichojaa mle ni madini ya chuma. Na usije ukasema "basi nimeze kumi", chuma kikizidi ni sumu. Mwombe daktari akuandikie foliki peke yake.

Haraka ya nini? Mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo hujifunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutunga. Huku kwetu mtu huificha mimba asitiwe jicho, kliniki aende na tumbo la miezi minne. Hapo foliki kwa kazi hiyo imeshachelewa.

Siku zangu hupotea miezi miwili, mitatu. Mama mkwe hataki nipungue, ati mwili ndio heshima ya nyumba. (Chake Chake)

Mkwe mheshimu, rai yake muachie mwenyewe. Mafuta mengi mwilini huvuruga homoni, yai likashindwa kupevuka. Hutakiwi uwe mwembamba: kupungua asilimia 5 hadi 10 ya uzito mara nyingi kunatosha kurudisha siku. Mwenye kilo 90, hizo ni kilo nne na nusu hadi tisa tu. Wali wa nazi pakua nusu, samaki na mchicha zidisha, sukari ya chai punguza, na utembee kila siku. Lakini usikisie sababu. Kapimwe, na upime sukari na presha papo hapo.

Ramadhani inakuja, nitapungua kwa funga? (Mkoani)

Kwa muhogo wa nazi, tambi, kaimati na sambusa za magharibi? Nimewaona waliotoka na kilo za ziada. Funga kwa ajili ya Mola wako. Uzito una hesabu yake.

Natumia enalapril ya presha, na mafuta ya ini la samaki nipate nguvu. Niendelee? (Konde)

Enalapril hudhuru figo za mtoto tumboni. Usiiache mwenyewe, nenda ubadilishiwe kabla hujashika mimba. Mafuta ya ini yaache, vitamini A yake ikizidi humdhuru mtoto. Badala yake uliza vitamini D ya mikrogramu 10 kwa siku, maana sisi wa mabuibui jua hatulipati vya kutosha.