Nadharia ya Muziki na Mafunzo ya Sikio: Kwa Wanaoanza Chuoni

Wanafunzi wengi wanaoanza kusomea muziki chuoni huyatenga masomo ya nadharia na mafunzo ya sikio, la kwanza wakaliachia daftari na la pili wakaliachia kipaji, na hapo ndipo shida huanzia. Nawasihi msiandike kanuni yoyote ambayo hamjaiimba.

Chukueni skeli ya meja, yaani ngazi ya sauti do, re, mi, fa, so, la, ti, do. Kukariri kwamba nusu toni, yaani hatua zake ndogo kabisa, ziko kati ya mi na fa, na kati ya ti na do, ni kazi ya dakika chache. Lakini imbeni kuanzia do hadi ti kisha mnyamaze: mtasikia jinsi ti inavyodai kupanda kwenye do, kama vile fa nayo inavyoelekea kushuka kwenye mi. Mvutano huo ndio unaoeleza kwa nini kodi ya tano, yaani sauti so, ti na re zikilia pamoja, hasa ikiongezewa fa, huirudia kodi ya kwanza (do, mi na so) kwa nguvu kiasi kile.

Alama za shapu (zinazopandisha noti nusu toni) na flati (zinazoishusha nusu toni) zikaririni mapema, yaishe.

Kuhusu umbali kati ya sauti mbili, ni lazima mjue kwamba tatu kubwa, kama do hadi mi, ina nusu toni 4 na tano kamili, kama do hadi so, ina 7. Hata hivyo, naamini anayetegemea hesabu hizo pekee hukwama wimbo unapokwenda kasi, kwa sababu do na mi hazisikiki sawa na so na ti, ingawa umbali ni uleule. Ni bora kila sauti ijulikane kwa nafasi yake mbele ya do.

Imla, yaani kuandika wimbo unaousikia, ndiyo huwatisha wengi. Wimbo unapopigwa mara ya kwanza, wekeni kalamu chini, mshike do na kuhesabu mapigo. Mara ya pili andikeni mdundo pamoja na noti ya kwanza na ya mwisho. Kisha jazeni vipande vinavyopanda au kushuka hatua kwa hatua, na miruko ije mwisho. Mkipotea, acheni nafasi tupu mwendelee, kwani mnaweza kuijaza mkirudi nyuma kutoka noti ya mwisho. Imla ikiwa ya sauti nne, ifuateni besi, yaani sauti ya chini kabisa, kabla ya sauti za kati, maana mara nyingi ndiyo inayofichua kodi.

Dakika 15 za kila siku zinafaa kuliko mkesha wa mtihani, mradi do ya leo isiwekwe kwenye noti ileile ya jana.