Farasi wa Baba na Jasho la Binti

SWALI: Assalaam alaykum. Sisi ni watu wa Kendwa, Kaskazini Unguja. Babu yetu alikuwa saisi kabla ya mwaka 1964, akitunza farasi wa watu. Baba akaja kununua wake mwenyewe, na leo tunao sita, tunawapandisha wageni ufukweni. Baba sasa hana nguvu. Kaka yangu mkubwa, anayeishi mjini, anataka farasi waongezewe safari, au wauzwe tugawane. Mimi ndiye ninayeamka alfajiri kuwalisha, na kwa miaka tisa sijapokea mshahara. Tufanye nini ili kazi hii isitufie mikononi?
Binti wa Kendwa

JIBU: Wa alaykum salaam, dada yetu. Swali lako ni moja, lakini limefunga pamoja vitu viwili ambavyo lazima vitenganishwe: mali ya baba na jasho lako. Maadamu baba yu hai, farasi ni wake, na hapana urithi wa kugawana. Linalodaiwa leo ni ujira wako, nao si fadhila. Msipouandika sasa, siku ya mirathi utapewa fungu la binti, ambalo ni nusu ya fungu la kaka yako, na alfajiri zako zote hazitahesabiwa popote, kwa kuwa mafungu yanafuata nasaba wala hayaangalii nani alifanya kazi. Lakini deni lililokubaliwa na baba, likaandikwa na kushuhudiwa, hulipwa kabla ya mafungu kutolewa. Mwombe baba alikiri mbele ya mashahidi angali na akili timamu.

Baba akitaka kukupa farasi, njia ni hiba, nayo inataka akukabidhi kweli katika uhai wake; tena awaangalie watoto wake wote kwa uadilifu. Wasia haukufai, kwani mrithi hausiwi ila warithi wenzake waridhie.

Kuhusu kuongeza safari, hapo simwungi mkono kaka yako hata kidogo. Farasi wa kilo 400 hafai kubebeshwa zaidi ya kilo 80 hivi, pamoja na tandiko lake, na mgeni mzito anapaswa kukataliwa kwa adabu hata kama ameshatoa fedha. Pwani nayo ina hatari yake, maana farasi anayelishwa chini hula mchanga pamoja na majani, mchanga ukajikusanya tumboni na kumletea msokoto, na kwa kuwa farasi hawezi kutapika, msokoto huweza kumuua. Majani yawekwe katika hori, yaani chombo cha kulishia, maji yasikatike, na safari zipangwe asubuhi na jioni, bahari ikiwa imekupwa na mchanga ungali mgumu. Mnyama aliyekwenda matiti, yaani mbio za polepole, na shoti, yaani mbio kamili, mchana kutwa juani hamtakuwa naye mwakani. Mwambieni kaka pia kwamba faida ya biashara hii huhesabiwa kwa mwaka mzima, kwani masika wageni huadimika ilhali farasi anakula vilevile, na kwato zake zinataka fundi kila wiki sita hadi nane.

Babu yenu aliifanya kazi hii katika wakati mgumu kuliko wenu. Mbung'o walikuwa bado wamo Unguja, na nagana wanayoieneza ni ugonjwa unaoua farasi. Walikuja kumalizwa kwa kumwagwa kutoka angani madume yaliyofanywa tasa kwa mionzi, hata kisiwa kikatangazwa mwaka 1997 kuwa hakina mbung'o tena. Usubi wao hawajaondoka, na kwa kuwa huuma zaidi kuanzia magharibi hadi alfajiri na wanaweza kueneza maradhi mabaya ya farasi, msilegeze kuwaingiza farasi bandani kabla ya jua kuchwa.

Kabla ya neno la kuuza halijasemwa tena, mwiteni kaka aje akae Kendwa wiki moja, aamke nawe, abebe ndoo, asafishe kwato. Nawe katika wiki hiyo keti na baba kila jioni, ushike daftari, akutajie farasi mmoja mmoja: umri wake, maradhi aliyowahi kuugua, lijamu, yaani chuma cha mdomoni, analolikubali, na namna baba alivyokuwa akitambua kwamba tumbo linamsokota kabla hajalala chini. Anzeni na aliye mkubwa kwa umri.