Sauti Inayokauka Kabla ya Mkesha

SWALI: Ndugu mshauri, ninaimba soprano katika kwaya ya ushirika wetu hapa Tukuyu. Majilio yakishaanza tunafanya mazoezi kila jioni, na mwaka jana sauti ilinikauka siku 3 kabla ya Krismasi, nikabaki nafumbua kinywa tu pale mbele wenzangu wakiimba. Wananiambia mwaka huu ninywe tangawizi ya moto na kuendelea. Je, itanisaidia?

JIBU: Dada, tangawizi inywe, maana jioni za mvua huko kwenu zina baridi, lakini usiitegemee. Kinywaji ukikimeza hupitia umio kwenda tumboni, ilhali nyuzi za sauti zimo ndani ya zoloto, kwenye njia ya hewa, ambako hata tone moja likipenya utapaliwa. Maji huzifikia polepole kwa kupitia damu. Kwa hiyo yanywe tangu asubuhi, usingoje hadi mlangoni mwa kanisa.

Ninachokishuku zaidi ni bati. Mvua ikianza kupiga juu ya paa, mwimbaji hasikii sauti yake mwenyewe, naye huipaza bila kujijua. Besi wakiongeza, soprano nao huongeza, na kabla ubeti wa pili haujaisha mnapiga kelele. Mwombeni mwalimu wenu kwamba mvua ikiwa kubwa, mkae mkariri maneno mpaka ipungue.

Liko na suala la ufunguo, yaani kimo cha sauti mnachouimbia wimbo. Ikiwa mnatumia noti za sol-fa, zile za do, re, mi, tazama juu ya karatasi palipoandikwa «Do ni G» au mfano wake. Uzuri wa noti hizo ni kwamba do huhama: mwalimu akiishusha kutoka G hadi F, hakuna mwanakwaya atakayejifunza upya hata noti moja, na atakayenung'unika ni mpiga kinanda peke yake. Wapo walimu wanaoona aibu kushusha wimbo. Mimi aibu naiona kwenye soprano iliyopasuka usiku wa mkesha.

Sauti ikikauka tena, nyamaza kabisa, wala usinong'one, kwa kuwa kunong'ona kwa kujikaza nako huzichosha nyuzi. Pipi za mnanaa zitakupoza koo, ila zikikuficha maumivu utaendelea kujiumiza. Ukwaruzo ukipita wiki 3, nenda hospitali ukachunguzwe, hata kama huna homa wala kikohozi.